Kuunganisha Kompyuta za Nyumbani: Mada kwa Wazazi na Vijana



Kijana atakaye kushindana na wenzake katika mchezo wa kompyuta mara nyingi hudhani kuwa hana budi kununua kifurushi cha intaneti. Sivyo. Kompyuta zilizomo katika nyumba moja zaweza kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe, pasipo taarifa yoyote kutoka nje ya nyumba hiyo. Jambo hili si geni: mchezo wa Doom, uliotolewa Marekani mwezi Desemba 1993, uliwawezesha watu hadi wanne kucheza pamoja kwa mtandao wa ndani, wakati intaneti ilikuwa bado haijaingia katika nyumba nyingi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: swichi yenye matundu 5 au 8, na waya wa mtandao wa daraja la Cat 5e kwa kila kompyuta. Waya mmoja usizidi meta 100. Wi-Fi nayo yafaa, ila waya ni thabiti zaidi. Ujumbe hufika upande wa pili katika muda usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Baada ya kuunganishwa, kila kompyuta sharti iwe na anwani yake. Palipo na ruta, ruta hugawa anwani hizo yenyewe, hata kama kifurushi kimekwisha. Pasipo na ruta, anwani huandikwa kwa mkono: kompyuta ya kwanza 192.168.1.10, ya pili 192.168.1.11, na kuendelea vivyo hivyo, huku kipimo cha mtandao kikiwa 255.255.255.0 kwa zote. Anwani mbili zisifanane. Kisha kompyuta moja hufungua mchezo kama mwenyeji, na nyingine hujiunga nayo. Toleo la mchezo liwe moja kwa wote.

Wengi hukwama katika hatua hiyo ya mwisho. Kinga ya kompyuta huzuia wageni, na huenda ikamzuia hata ndugu aliye chumba cha pili. Kuizima kinga yote ni sawa na kung'oa mlango ili mtu mmoja apite. Njia iliyo salama ni kuuruhusu mchezo huo peke yake, tena katika mtandao wa faragha tu. Aidha, michezo ya wizi inayopokezanwa kwa flashi huweza kubeba virusi, ilhali michezo kama SuperTuxKart na 0 A.D. hupatikana bure na kwa halali.

Umeme nao una hesabu yake. Kompyuta 4, kila moja ikitumia wati 200 pamoja na kioo chake, kwa saa 3 hula uniti 2.4. Familia ijue gharama hiyo kabla ya kuwasha, na ipange saa za michezo zisizogusa saa za masomo. Ekstensheni dhaifu au iliyochubuka isitumike. Vilevile waya wa mtandao usivushwe nje kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa kuwa radi yaweza kupitisha humo umeme wa kuunguza vifaa na kudhuru watu.

Mwisho, waya ule ule uletao mchezo waweza kuleta maktaba. Kwa programu ya bure iitwayo Kiwix, nakala ya Wikipedia, ikiwamo ya Kiswahili, huhifadhiwa katika kompyuta moja, na nyingine zote zikaisoma bila intaneti. Nakala hupakuliwa mara moja tu. Baada ya hapo mwanafunzi husoma bila kutumia kifurushi. Mzazi anayeona swichi na nyaya sebuleni asiharakishe kuzing'oa: na awaulize kwanza vijana wake kama maktaba hiyo imekwisha kuwekwa.