Hofu Haikuniacha, Lakini Nilijifunza Kuruka Nayo

(Hivi karibuni vijana na wazazi wao walikusanyika katika ukumbi wa parokia kumsikiliza binti wa hapa kwetu ambaye sasa ni rubani. Tumepata ruhusa yake kuchapisha maneno yake kama alivyoyasema, ila tumeyafupisha kidogo. – Mhariri)



Nimesimama hapa nikiwa na deni. Mwaka wa 2015 mlikaa kwenye benchi hizi hizi mkafanya harambee ili niende Nairobi kusomea urubani. Mama mmoja alileta kuku wawili wakapigwa mnada. Wengine mlitoa magunia ya mahindi. Tangu siku hiyo kila nikija nyumbani mnaniuliza, "Rubani, habari za huko juu?" na mimi hujibu, "Nzuri tu." Leo nataka kuwaambia jambo nililowaficha. Nusura pesa zenu zipotee bure. Si kwa sababu nilikuwa mvivu, wala si kwa sababu niliharibika mjini. Ni kwa sababu niliogopa ndege.

Nilijua mtacheka. Chekeni tu. Hata mimi sasa nacheka, lakini wakati ule nililia.

JINSI ILIVYOANZA

Nilisomea katika uwanja wa Wilson, ule ulio karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ndege ya kujifunzia ni ndogo sana. Ina viti viwili, mwanafunzi kushoto na mwalimu kulia, na mabega yenu yanagusana kama watu waliobanana kwenye matatu. Siku za kwanza nilifurahi. Niliona twiga kutoka juu, nikaona Milima ya Ngong, nikajiambia, "Hii kazi ni yangu."

Halafu likaja somo la ndege kupoteza nguvu ya mabawa. Mwalimu hupunguza injini, akainua pua ya ndege pole pole mpaka mabawa yashindwe kuibeba. King'ora kidogo hulia, ndege inatetemeka, kisha pua inashuka ghafla. Mimi nilipiga kelele nikavuta usukani kwa mikono miwili. Bawa moja likalala upande, nikaiona ardhi mahali ambapo nilizoea kuona mbingu. Mwalimu akasema, "Niachie," akashika, na ndege ikatulia. Yote yalikuwa sekunde chache tu.

Lakini kwangu hayakwisha. Usiku nilikuwa naota naanguka. Asubuhi ya somo tumbo linakoroga, viganja vinatoka jasho, chai haipiti. Nikaanza uongo. Leo naumwa kichwa. Kesho matatu imeharibika. Wiki tatu zikapita sijagusa ndege, na kila siku nafikiria wale kuku wawili.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu. Jioni moja aliniuliza mbona siku hizi siendi shule. Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho uende umwambie mwalimu wako ukweli. Akikufukuza, utarudi hapa tule ugali."

"UNAOGOPA NINI HASA?"

Mwalimu wangu alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Nilipomaliza kusema aliniuliza swali moja: "Unaogopa nini hasa? Usiniambie unaogopa kuruka. Hilo ni kubwa mno, siwezi kulitibu. Nitajie vitu." Akanipa karatasi. Niliandika vinne: mabawa kushindwa, injini kuzima, ndege kurushwa na upepo, na kuaibika kwenye redio.

Ndugu zangu, nilipoona hofu yangu imekaa kwenye karatasi, mistari minne tu, ilipungua nusu. Tangu hapo tulichukua mstari mmoja mmoja. Wiki mbili za kwanza hatukuruka hata kidogo. Tulikaa ndani ya ndege iliyoegeshwa, injini imezimwa, tukizungumza.

Mstari wa kwanza, mabawa. Nilidhani mabawa yakishindwa ndege inakuwa kama jiwe. Sivyo. Bawa hubebwa na hewa inayopita vizuri juu na chini yake. Ukiinua pua kupita kiasi, ile hewa ya juu inajitenga na bawa na uwezo wa kubeba unapungua. Injini haijaharibika, bawa halijavunjika. Dawa yake ni kusukuma usukani mbele kidogo, pua ishuke, hewa irudi mahali pake, halafu uongeze nguvu ya injini. Sasa angalieni: mtu mwenye hofu anafanya nini? Anavuta! Mimi nilivuta kwa mikono miwili. Yaani hofu yangu ndiyo iliyokuwa ikinipeleka kwenye kile kitu ninachokiogopa. Tulirudia zoezi hilo chini mara nyingi, mkono ujifunze kusukuma bila kuuliza kichwa. Ndipo tukaenda juu, tukaanza kidogo kidogo: king'ora kikilia tu, tunarudi. Siku nyingine tunangoja mpaka itetemeke, tunarudi. Mwisho tulifanya lote.

Mstari wa pili, injini. Mwalimu alinionyesha hesabu. Ndege ndogo kama Cessna 172 ikizimika injini, haidondoki. Inateleza kama tai. Kwa kila futi moja inayoshuka, inakwenda mbele kama futi 9 hewa ikiwa tulivu. Ukiwa futi 2,000 juu ya ardhi unaweza kufika mahali palipo kilomita 5 mbele, na una zaidi ya dakika mbili za kuchagua shamba. Dakika mbili ni nyingi, jaribuni kuzihesabu mkiwa mmekaa kimya. Basi ikawa desturi yetu: kila baada ya muda mwalimu anauliza, "Sasa ikizima, unatua wapi?" nami naonyesha kidole. Mnamjua Beryl Markham, yule mama aliyekulia Njoro? Mwaka wa 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Bahari ya Atlantiki, injini ikakosa mafuta akiwa amekaribia Kanada, akatua kwenye bwawa la matope huko Nova Scotia. Ndege iliharibika, yeye akatoka akitembea.

Mstari wa tatu, kurushwarushwa. Hapa ninyi wakulima mtanielewa kuliko watu wa mjini. Jua likipanda, shamba lililolimwa na mabati ya nyumba hupata joto haraka kuliko msitu au bwawa. Hewa ya hapo inapanda, ya pale inashuka. Ndege ndogo ikipita katikati inaruka kama gari kwenye barabara ya mashimo. Kumbe ni hivyo tu! Ndege ndogo ya kawaida hujengwa istahimili mzigo wa mara 3.8 ya uzito wake, na rubani akipunguza mwendo mitikiso haifiki huko. Tulichofanya ni kuhamisha masomo yangu yawe saa moja asubuhi, hewa ikiwa bado imelala. Nilipozoea, tukasogea saa tatu, kisha saa tano. Na kuna faida nyingine. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege huhitaji barabara ndefu ili kupaa. Asubuhi inapanda vizuri, na moyo wa mwanafunzi nao unapanda nayo.

Mstari wa nne, redio. Mnaweza kudhani hili ni dogo, lakini kwangu lilikuwa kubwa kuliko yote. Mnara wa kuongozea ndege unasema kwa Kiingereza cha haraka, na kila rubani aliye hewani anakusikia ukigugumia. Nilikuwa nafanya mazoezi jikoni kwa shangazi nikishika mwiko kama kipaza sauti, yeye akiwa ndiye mnara. Nikajifunza pia kwamba kusema "rudia tafadhali" si aibu, na kwamba mwanafunzi ana ruhusa ya kusema yeye ni mwanafunzi, wakamwendea pole pole. Zaidi ya hayo kuna utaratibu marubani wote hufundishwa: kwanza rusha ndege, pili jua uko wapi, tatu ndiyo useme. Mnara unaweza kungoja. Ndege haingoji.

MWILI NAO UNA MAMBO YAKE

Kuelewa peke yake hakukutosha. Kichwa kinajua, mwili unakataa. Mtu akiogopa hupumua haraka haraka bila kujijua. Baadaye vidole vinakufa ganzi, midomo inawashawasha, kichwa kinazunguka, naye anafikiri anazimia na hofu inazidi. Nilifundishwa kuvuta pumzi nikihesabu hadi nne na kuitoa nikihesabu hadi sita. Nilifundishwa pia kusema kwa sauti kila ninachofanya: "Mwendo sawa, mafuta sawa, nageuka kushoto." Mtu anayeongea hawezi kupumua ovyo.

Usukani nilikuwa naukaba kama anayekamua ng'ombe mkaidi. Mwalimu akaniamuru nitumie vidole viwili na gumba tu. Ndege iliyosawazishwa vizuri hujipeleka yenyewe, na mara nyingi ni mkono wako unaoisumbua. Na nisiruke kamwe na njaa, wala usingizi, wala baada ya ugomvi. Dawa za kutuliza wasiwasi za kununua dukani kimya kimya, hapana kabisa! Zinaweza kukulaza ukiwa juu. Ikiwa wasiwasi unakufuata hata ukiwa nyumbani, na usingizi umepotea, mwone daktari anayepima marubani umwambie wazi.

SIKU YA PEKE YANGU

Kwa kawaida leseni ya kwanza inahitaji saa 40 za kuruka, na 10 kati ya hizo uwe peke yako. Asubuhi moja tulitua, mwalimu akafungua mlango akashuka. "Zunguka mara moja, utue," akasema. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Tumbo likakoroga kama zamani. Nikahesabu nne, nikahesabu sita. Nikasoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, kila mstari. Nilipopaa, ndege ilipanda haraka kuliko nilivyozoea, kwa sababu uzito wa mwalimu haukuwepo. Niliangalia kile kiti kitupu mara moja tu, nikaamua nisikiangalie tena.

Wakati wa kutua nilijiona niko juu mno. Zamani ningelazimisha, ili nimalize nishuke. Siku hiyo niliongeza nguvu ya injini, nikapanda, nikauambia mnara nazunguka tena. Sauti yangu haikutetemeka. Mara ya pili nilitua vizuri. Mwalimu hakunisifu kwa kutua. Alinisifu kwa kule kukataa kutua.

HESABU YENU

Sasa niwape hesabu, kwa maana pesa zilikuwa zenu. Wenzangu wengine walimaliza wakiwa na saa 45. Mimi nilimaliza na 56. Saa 11 za ziada zililipwa na shangazi, aliyechukua mkopo katika chama chao cha akina mama, na mimi nimemaliza kuulipa. Kama ningesema ukweli mapema, labda zingekuwa nne au tano. Uongo wangu ndio uliokula zile nyingine.

Vijana, nawaomba mjifunze hapo. Wazazi, mtoto akikwambia anaogopa, usimwambie "jikaze." Muulize, "Unaogopa nini hasa?" Halafu nyamaza umsikilize.

MASWALI

Mzee mmoja aliuliza: "Binti, je, ni vizuri mtu mwenye woga abebe watu?"

Jibu: Mzee wangu, swali lako ni la haki. Woga usiosemwa ni hatari, kwa sababu unafanya mkono uvute wakati unapaswa kusukuma. Woga uliopimwa na kufanyiwa mazoezi ni kama breki. Mwaka jana nilikataa kuondoka kwenda Lodwar kwa sababu ya wingu la mvua ya radi. Abiria walinung'unika. Tuliondoka baada ya saa mbili na tukafika salama.

Msichana wa kidato cha nne aliuliza: "Na ukijaribu yote hayo, bado ushindwe?"

Jibu: Inawezekana, dada. Nilikuwa na mwenzangu darasani aliyejaribu kwa moyo wote, akaona kuruka si kwake. Alimwambia mwalimu, akarudi nyumbani, akawaambia wazazi wake. Siku hizi ni fundi wa ndege. Kila asubuhi kabla sijapaa nafungua kitabu cha ndege, na mara nyingi naikuta sahihi yake pale. Nikiiona, nafunga mkanda nikiwa na amani.

Asanteni kwa kuku.