Likembe ya umeme: historia ya Konono Nº 1 na albamu ya Congotronics

Likembe ni kisanduku cha mbao kilichochongwa kikawa na uwazi ndani, juu yake kukapangwa ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Kutoka Kongo ya chini ilipanda na mto mikononi mwa wapagazi, mabaharia na askari, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Ituri iliipokea mapema. Rekodi ambazo mwanaanthropolojia Colin Turnbull alizifanya katika msitu wa Epulu miaka ya 1950 zina sauti yake, na Waalur wa upande wa Mahagi wanahesabiwa miongoni mwa walioivusha hadi Uganda, ambako Waacholi wanaiita lukeme. Ni ala ya msafiri: nyepesi, na sauti yake ni ndogo, inamtosha mpigaji na wachache waliokaa karibu naye.

Udogo huo wa sauti ndio uliomsumbua Mawangu Mingiedi, dereva wa lori mjini Kinshasa. Alikuwa Mzombo, wa jamii ya Wakongo wa mpakani na Angola, ambao muziki wao wa sherehe na matanga ulipigwa kwa pembe za ndovu, kila mpulizaji akiwa na noti zake chache. Mingiedi alizihamishia sehemu za pembe kwenye likembe, na mwaka wa 1966 akaanzisha kundi lililokuja kujulikana kama Konono Nº 1. Lakini matanga ya Kinshasa hufanyika nje, barabarani, katikati ya magari na baa zenye redio kubwa. Likembe haikusikika.

Dawa yake ilikuwa kutengeneza mikro. Sumaku zilitolewa katika vipuri vya magari mabovu, zikazungushiwa waya mwembamba wa shaba, kisha zikawekwa karibu na ndimi za ala. Ulimi wa chuma unapotikisika unauvuruga uga wa sumaku, na mvurugo huo unazalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya waya. Mkondo unakwenda kwenye ampli, na kutoka hapo kwenye vipaza sauti vyenye umbo la pembe, vya aina iliyoachwa na Wabelgiji. Gitaa la umeme na piano ya Rhodes hufuata kanuni hiyohiyo ya fizikia. Kundi lilikuwa na likembe tatu za namna hiyo, ya sauti nene, ya kati na nyembamba, pamoja na ngoma na vyuma vya kugonga.

Ampli iliyosukumwa kupita uwezo wake hukwaruza. Likembe za zamani nazo huvishwa vipete vyembamba vya chuma kwenye ndimi zake, makusudi, ili kila noti iwe na mvumo wa ziada. Kwa hiyo mkwaruzo wa umeme ulikuta masikio yaliyokwisha kuupenda, na wanamuziki wakaufanya sehemu ya sauti yao.

Mwaka wa 1978 Bernard Treton alilirekodi kundi hilo mjini Kinshasa, na kipande chake kirefu kikatoka katika santuri ya lebo ya Ocora miaka ya 1980. Mbelgiji Vincent Kenis aliusikia muziki huo redioni, akamtafuta Mingiedi kwa miaka mingi, na hatimaye akampata mwaka wa 2000. Alirekodi kwa kompyuta ya mkononi, bila kuwaondoa wapigaji katika mazingira yao wala kuwabadilishia vyombo, na uamuzi huo ndio ulioiokoa kazi yenyewe. Albamu ya Congotronics ilitolewa na lebo ya Crammed Discs ya Brussels mwaka wa 2004.

Huko Ulaya na Marekani, wapenzi wa muziki wa dansi wa kompyuta waliipokea kama kitu cha kesho. Wengine waliiita muziki wa takataka, na hapo ndipo haki ilipopotoka. Kupima umbali wa sumaku na ulimi, kuzungusha waya kwa usawa na kuzipatanisha ala tatu zisifunikane ni ufundi wa kutengeneza ala, nao unastahili kuandikwa pamoja na ule wa viwanda vya gitaa.

Mwaka wa 2007 Björk alizitumia likembe za Konono katika "Earth Intruders", wimbo wa kwanza wa albamu yake Volta, uliotayarishwa pamoja na Timbaland. Sauti ya matanga ya Kizombo ikaingia hivyo katika pop ya dunia. Miaka mitatu baadaye kundi lilishiriki katika "Imagine" ya Herbie Hancock, rekodi iliyopata tuzo ya Grammy mwaka wa 2011.

Mingiedi alifariki mwaka wa 2015. Mwanawe Augustin, aliyekwisha kushika likembe ya kuongoza, aliliendeleza kundi, na mwaka wa 2016 ikatoka albamu waliyoifanya Lisbon na Batida, mwanamuziki mzaliwa wa Huambo, Angola.