Fidia Itangulie Kiberiti

Tarehe 6 Aprili 2022 watumishi wa Idara ya Misitu ya Marekani waliwasha moto kwa makusudi katika msitu wa Santa Fe, jimbo la New Mexico. Nia ilikuwa kupunguza vichaka na matawi makavu, ili moto wa kiangazi usipate cha kula. Upepo ukabadilika, moto ukaruka mpaka uliowekewa. Baadaye mwezi huohuo ukaungana na mwingine, uliotokana na mirundo ya matawi ambayo idara hiyohiyo iliichoma Januari, ikaendelea kufukuta chini ya theluji.

Zaidi ya hekta 138,000 ziliteketea. Jimbo hilo halijawahi kurekodi moto mkubwa kuliko huo.

Mwenye shamba anayetaka kuishtaki serikali kwa hasara ya namna hiyo hugonga mwamba, maana sheria ya Marekani huilinda pale uamuzi ulipoachiwa busara ya maofisa wake. Ikabidi Bunge litunge sheria maalumu Septemba 2022. Kufikia mwisho wa mwaka huo fedha zilizotengwa zilikuwa karibu dola bilioni 4, na kazi ya kulipa ikapewa FEMA, shirika la maafa la serikali hiyohiyo.

Kanuni zake za kwanza zilisema anayedai miti yake asilipwe zaidi ya asilimia 25 ya thamani ya nyumba na kiwanja chake kabla ya moto. Huko Mora, mojawapo ya sehemu zilizoungua, msitu ni ghala la familia: kuni za majira ya baridi, boriti za nyumba, kivuli cha ng'ombe. Wenyeji walipinga, na mwaka 2023 kikomo hicho kikaondolewa.

Kisha kuna mifereji ya umwagiliaji, wenyewe huiita acequia. Ilichimbwa na mababu wa wakulima wa huko wanaozungumza Kihispania, na husafishwa kwa msaragambo kila mwaka, kama ile ya Uchagani. Mvua iliposhuka kwenye milima iliyobaki uchi, matope na majivu yakaiziba. Mkulima aliyerithi mfereji, akidai fidia, ataitoa wapi risiti yake?

Mkuu wa Idara ya Misitu wakati huo, Randy Moore, alisimamisha uchomaji kwa siku 90, akaeleza kuwa asilimia 99.84 ya mioto hiyo huenda kama ilivyopangwa. Basi, ikiwa inayoponyoka ni michache hivyo, mfuko wa kudumu wa fidia hauwezi kuishinda serikali. Mwaka 2000, katika jimbo hilohilo, moto uliowashwa na watumishi wa hifadhi ya Bandelier uliziacha familia zaidi ya 400 za Los Alamos bila makao. Wakati huo pia sheria ya fidia ilitungwa majivu yakiwa yameshapoa. Uchomaji uendelee, misitu inauhitaji, lakini anayepakana na msitu ajue kabla ya kiberiti kuwashwa ni nani atamlipa, na kwa muda gani.

Mwishoni mwa 2024 jaji wa shirikisho aliamua kwamba hata uchungu na mahangaiko ya waathirika yanastahili fidia, jambo ambalo FEMA ilikuwa imelikataa. Madai mengi ya nyumba na mashamba yalikuwa bado mezani.