Daftari la Zamani Lisifungwe Kwanza

(Maneno ya katibu wa chama kwenye mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwenye mwembe,

Nimetakiwa nieleze habari ya kuhamisha hesabu zetu kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta. Nitasema kwa maneno ya kawaida, maana hata mimi nilipoelezwa mara ya kwanza nilikuwa naitikia kwa kichwa tu kama mjusi juani.

Mabadiliko si mageni kwetu. Wazee mnakumbuka Mei 1976 vyama vikuu vilipovunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Msimu wa 2007/2008 stakabadhi ghalani ya korosho ikaanzia Mtwara, kisha ikatufikia na sisi wa Lindi. Tulinung'unika, tulizoea fedha mkononi. Mnada nao zamani wanunuzi walitia barua zao sandukuni, zikafunguliwa mbele yetu tukisikia kwa masikio yetu. Tangu msimu wa 2024/2025 bei zinashindanishwa kwa kompyuta, katika Soko la Bidhaa, yaani TMX. Na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, unaitwa MUVU.

Kwa hiyo sikusimama kuuliza tukubali au tukatae. Hilo limekwisha. Swali ni hili: siku tunapohama, daftari la zamani tulifanye nini? Wapo wanaosema lifungwe, kazi iwe moja. Mimi nasema hapana, na sababu ninazo.

Niliwahi kuwa karani katika chama kimoja, sitakitaja. Tuliingiza majina kwenye kompyuta kwa siku mbili tu, mbio mbio, msimu unabisha hodi. Sasa mnajua majina yetu. Kijiji kimoja kina akina Saidi Hamisi wangapi? Na huyo huyo mmoja daftari hili linamwandika Mohamedi, lile Muhammad. Mashine haimjui mtu kwa sura, wala haijui kwamba huyu ndiye mwenye shamba la kule mtoni. Mama mmoja mjane kilo zake ziliingia kwa mwenye jina kama lake. Tulipotaka kuhakikisha, madaftari yalikuwa chumba cha nyuma na mchwa wamekwisha kula. Kilichomwokoa ni stakabadhi yake, aliifunga kwenye ncha ya khanga. Bila ile karatasi angeonekana mwongo.

Msidhani mambo haya ni ya vijijini tu. Uingereza, nchi yenye kompyuta tangu zamani, Shirika la Posta liliacha hesabu za karatasi likaanza mfumo uitwao Horizon mwaka 1999, wa kampuni ya Fujitsu. Mashine ikawa inasema fedha zimepungua kwenye vituo vidogo vya posta. Wenye vituo wakisema hatukuchukua kitu, wengi waliambiwa: ni wewe peke yako mwenye shida hii. Kumbe walikuwa mamia! Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba kufidia fedha ambazo hazikupotea, na wapo waliojiua. Mmoja wa wenye vituo, Alan Bates, hakukubali. Akakusanya wenzake, watu 555 wakaenda mahakamani, na Desemba 2019 jaji akasema mfumo ule ulikuwa na makosa. Hukumu nyingi zilifutwa kwa sheria ya Bunge mwaka 2024 tu. Hesabuni wenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Nimewaambia habari hii kwa sababu ya karani wetu wa mizani. Ni kijana wetu. Kesho kompyuta ikisema kilo mia tatu hazionekani, tutakimbilia kumwita mwizi? Na yeye atajitetea kwa kitu gani kama daftari tumelitia gunia?

Ombi langu kwa mkutano ni tupitishe hivi. Msimu huu wote, kuanzia Oktoba mpaka malipo ya mwisho, karani aandike daftarini na kwenye mfumo. Ndiyo, ni kazi mara mbili, na posho yake itabidi tuizungumze, msijifanye hamkusikia. Kila Jumamosi jumla zote mbili zisomwe kwa sauti hapa barazani. Zikipishana, hata kwa kilo moja, tunarudi kwenye stakabadhi za wakulima mpaka tujue kosa liko wapi, na mpaka hapo asiitwe mtu mwizi. Umeme ukikatika au mtandao ukigoma, mizani isisimame; daftari lipo.

Majina yatasomwa kuanzia Jumatatu, saa mbili asubuhi, kitongoji kwa kitongoji. Njoo na kitambulisho, namba ya benki na stakabadhi za msimu uliopita. Asiyeweza kutembea atume mtu, sisi tutamfuata nyumbani.

Madaftari ya zamani yamewekwa kabatini, juu ya matofali, mbali na mchwa. Kufuli ni mbili. Ufunguo mmoja anao mwenyekiti, wa pili anao mweka hazina, na mimi sina.