Kwa Nini Mfumo wa Malipo Hulemewa Tarehe 31 Machi, na Tunachopendekeza

Hii ni hotuba ya afisa wa TEHAMA wa kaunti katika baraza la wafanyabiashara na wamiliki wa ardhi. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.

 

Nitaanza kwa kukiri. Tarehe 31 Machi, siku ya mwisho ya kulipia leseni za biashara na ada za ardhi, mfumo wetu ulilemewa kuanzia asubuhi. Mama mmoja muuza mitumba alibonyeza kitufe cha kulipa, skrini ikazunguka, akabonyeza tena. Pesa zikatoka mara mbili, na risiti haikuja hata moja. Alirudi ofisini mara tatu kabla ya kurekebishiwa. Wengine walipitwa na tarehe, wakatozwa faini kwa kosa lisilo lao. Kosa lilikuwa letu, nami nimekuja kueleza chanzo chake na dawa tunayopendekeza.

Wengi mlisema ni intaneti. Sisi wenyewe tulidhani ni uhaba wa seva, tukaongeza seva mbili. Foleni haikupungua. Kwa nini?

Fikirieni ofisi ya masjala yenye madirisha kumi ya kuhudumia watu, lakini chumba cha faili ni kimoja, na karani anayeruhusiwa kuingia humo ni mmoja. Ukiongeza madirisha yakawa ishirini, umeongeza tu idadi ya wanaomsubiri karani yule yule. Ndivyo mfumo wetu ulivyo. Seva tulizoongeza ni madirisha. Chumba cha faili ni hifadhidata, ambamo rekodi zote za leseni, viwanja na malipo zimehifadhiwa kwenye diski. Kila mtu anayetaka kujua tu anadaiwa kiasi gani hupelekwa kwa karani huyo mmoja, siku moja, saa moja.

Tena diski ni nzito. Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka taarifa: kwenye diski, ambako hubaki hata umeme ukizimwa, na kwenye kumbukumbu ya kazi, ambako hupatikana upesi sana lakini hufutika umeme ukienda. Kama kusoma kitu kwenye kumbukumbu kungechukua sekunde moja, kukisoma kwenye diski ya kisasa isiyozunguka kungechukua dakika 16 hivi, na kwenye diski ya zamani inayozunguka kungechukua zaidi ya siku nzima. Hiyo ndiyo tofauti kati ya faili iliyo mezani na faili iliyo stoo.

Dawa tunayopendekeza inaitwa gridi ya data ya kumbukumbu. Msiogope jina. Maana yake ni kuchukua kompyuta kadhaa na kuunganisha kumbukumbu zao zifanye kazi kama meza moja ndefu, na faili zinazoulizwa kila mara zikae juu ya meza hiyo.

Si jambo la majaribio. Programu ya Coherence ilikuwa tayari sokoni kampuni ya Oracle ilipoinunua Tangosol, iliyoitengeneza, mwaka 2007. Benki na maduka ya mtandaoni yametumia programu za aina hii kwa miaka mingi. Zipo pia zilizo huria, kama Apache Ignite na toleo huria la Hazelcast, ambazo hazidai ada ya leseni. Gharama inabaki kwenye mashine na kwenye watu wa kuzitunza.

Gridi inafanyaje kazi? Data hukatwa vipande. Hazelcast, kwa mfano, isipoelekezwa vinginevyo hukata vipande 271. Tukiwa na mashine tatu, kila moja itabeba takriban vipande 90. Namba ya kiwanja chako ikiingia, programu hupiga hesabu fupi na kujua papo hapo iko kwenye kipande gani na kwenye mashine gani. Hakuna kuulizana wala kupekua. Kumuuliza jirani kupitia waya kuna gharama yake, kwa hiyo kasi si faida pekee. Faida kubwa ni kwamba kazi ya karani mmoja sasa inafanywa na watatu, na mzigo ukizidi tunaongeza wa nne, naye anagawiwa vipande vyake bila kufunga ofisi.

Je, mashine moja ikizimika? Kila kipande kina nakala kwenye mashine nyingine. Ikifa moja, nakala zilizoko kwa wenzake huchukua nafasi. Lakini nakala si bure. Data ya gigabaiti 20 itahitaji gigabaiti 40, na mashine mbili zitakazobaki lazima ziweze kubeba mzigo wote. Mkiona tumeomba kumbukumbu nyingi kuliko mlivyotarajia, sababu ni hiyo.

Sasa niwaambie hatari zake, maana mganga asiyetaja madhara ya dawa yake si wa kuaminiwa.

Hatari ya kwanza ni umeme. Zikizimika mashine zote, kilichokuwa kwenye kumbukumbu kimepotea. Kwa hiyo pesa zenu hazitategemea gridi peke yake. Kila malipo yataandikwa kwanza kwenye hifadhidata, kwenye diski, ndipo nakala ya mezani ibadilishwe. Risiti haitatoka kabla ya hapo. Gridi itajibu maswali: unadaiwa kiasi gani, ombi lako limefika wapi, ada ya duka la ukubwa huu ni ngapi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimchosha karani. Diski itabaki na kazi yake ya kutunza daftari.

Ya pili ni taarifa iliyochacha. Afisa akirekebisha deni lako kwenye daftari na nakala ya mezani isibadilike, utaonyeshwa deni la jana. Kwa sababu hiyo, marekebisho yote lazima yapitie njia moja, na tutaacha kabisa desturi ya kurekebisha hifadhidata kwa mlango wa nyuma.

Ya tatu ni waya kukatika kati ya mashine. Kila upande unaweza kudhani mwenzake amekufa, ukaendelea kufanya kazi peke yake, na pande mbili zikatoa majibu mawili tofauti. Ndiyo maana tumeomba mashine tatu na si mbili: wawili wanaosikilizana wanaendelea, na aliye peke yake anasimama mpaka waya urudi.

Ya nne ni siri zenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haibagui kati ya diski na kumbukumbu. Nambari ya kitambulisho iliyoko mezani inalindwa sawa na iliyoko kabatini.

Na yule mama wa mitumba? Kila ankara itafungwa mara tu malipo yanapoanza. Ukibonyeza mara ya pili, mashine yoyote utakayofikia itaona kufuli lile lile na kukujibu kwamba malipo yako yanashughulikiwa. Kufuli litafunguliwa malipo yakikamilika au yakishindikana.

Kuna mambo ambayo gridi haitaponya. Haitarekebisha jina la kiwanja lililoandikwa vibaya. Itakuletea kosa hilo upesi zaidi. Haitaongeza mnara wa simu mahali pasipo na mawimbi. Ndiyo maana tumeweka kwenye pendekezo hili pia kazi ya kusafisha rekodi, na tungependa ianze kabla ya mashine kununuliwa.

Ombi langu kwenu ni matatu. Skrini ikikwama, usilipe tena. Angalia kwanza ujumbe wa simu, uhifadhi msimbo wa muamala, uje nao ofisini. Pili, usingoje siku ya mwisho kama unaweza kuepuka. Tatu, Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Pendekezo hili litatumia pesa zenu. Likifika kwenye vikao vya bajeti katika wadi zenu, njooni mtuulize: mashine ngapi, kwa bei gani, nani atazitunza, na umeme ukipotea usiku nani ataamka?

Kabla ya tarehe 31 Machi ijayo tutaujaribu mfumo kwa kuutupia maombi ya bandia mengi kuliko yale yaliyouangusha mwaka huu, na matokeo tutayabandika kwenye kila ofisi ya wadi, yawe mazuri au mabaya. Wajibu wetu ni kuhakikisha mtu aliyekuja kulipa analipa mara moja, anapata risiti, na anarudi kwenye biashara yake.

 Sasa nayakaribisha maswali yenu.