Bahashishi kwa Mwongoza Watalii: Ulizeni Kabla ya Safari



Neno bahashishi asili yake ni Kiajemi, na Wamisri wanalo pia, wakilitamka karibu kama sisi. Kwa hiyo Mtanzania anayeshushwa mbele ya mapiramidi ya Giza hahitaji mkalimani pindi linapotajwa. Anachohitaji ni kujua kama fedha hiyo ameshailipa.

Hilo ndilo tunalowasihi mlitazame katika mkataba kabla ya kutia saini. Baadhi ya mawakala wa safari huijumuisha bahashishi ya mwongozaji na dereva katika bei. Wengine huiandika chini kabisa ya ukurasa, kuwa kiasi fulani cha dola kwa siku, kitakachokusanywa mkishafika. Familia ya watu wanne, katika safari ya siku nane, ikidaiwa dola 10 kwa kila mtu kwa siku, italipa dola 320 ambazo hazikuonekana katika tangazo. Fedha inayodaiwa kwa lazima ni sehemu ya bei, hata ikiitwa hisani, na mlaji anastahili kuijua kabla hajalipa. Ombeni jibu kwa maandishi: hulipwa nani, kiasi gani, na je, ni hiari?

Pale ilipo hiari, fuateni desturi ya nchi. Japani, mwongozaji huenda akairudisha fedha yako kwa heshima. Shukrani ya maneno, au zawadi ndogo kutoka nyumbani, hupokelewa vyema zaidi. Marekani, asiyeacha kitu hudhaniwa hakuridhika. Katika miji mingi ya Ulaya yako matembezi yanayotangazwa kuwa ya bure. Humo mwongozaji kwa kawaida hutegemea bahashishi pekee, na baadhi ya kampuni humtoza ada kwa kila mgeni aliyehudhuria. Kuondoka kimya hapo ni kumtia mtu hasara. Sisi tunaowajua wapagazi wa Kilimanjaro, na jinsi wanavyoingojea siku ya mwisho ya safari, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Toeni noti za nchi husika, mkononi mwa mhusika mwenyewe. Sarafu za kigeni kwa kawaida hazibadilishwi benki, na shilingi yetu haina soko huko. Mkidaiwa kiasi kisichomo katika mkataba, msibishane njiani: andikeni tarehe na kiasi, ombeni stakabadhi, kisha mwasilisheni malalamiko kwa wakala aliyewauzia safari, mkiambatanisha nakala ya mkataba.