Volti Zikishuka, Wati Zinakwenda Wapi?



Ni fundi gani hapa Nyawera, mjini Bukavu, hajaulizwa na mama mwenye resho (jiko la umeme): mbona asubuhi maharage yanachemka upesi, na jioni resho ileile inafifia? Tumezoea kujibu kwamba umeme ni mdogo. Ni kweli, ila mdogo kiasi gani? Hapo ndipo hesabu inapotakiwa.

Kanuni ni mbili tu. Ile ya Georg Simon Ohm, aliyoichapisha Ujerumani mwaka 1827: gawanya volti kwa ampea, upate omu za ukinzani. Ya pili: zidisha volti kwa ampea, upate wati.

Tuchukue resho iliyoandikwa 220 V, 1,000 W. Wati 1,000 kwa volti 220 ni ampea 4.55, na ukinzani wake ni omu 48.4. Omu hizo ni za ule waya uliosokotwa ndani. Waya ukipata moto, omu hizo hubadilika kidogo tu. (Balbu ya uzi ni habari nyingine: ikiwa baridi, omu zake ni chache mno kuliko inapowaka, kwa hiyo usiipime imezimwa ukaamini.) Wati zilizoandikwa, kwa upande wake, ni ahadi yenye sharti la volti 220.

Jioni tuseme zimebaki volti 160. Gawanya kwa 48.4: ampea 3.3. Zidisha: wati 529. Volti zimepungua kwa robo na kidogo, joto limepungua karibu nusu, kwa sababu volti zimeshuka na zimeshusha ampea pamoja nazo.

Mgeni hushangaa kusikia volti zinashuka hapa. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapahapa mjini. Mtambo wa umeme wa Ruzizi I ni wa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, tunaoshirikiana na Rwanda na Burundi, ni wa 1989. Volti zinapotelea njiani vipi? Umeme hautoshi watu wote, sawa, lakini sehemu ya jibu imo katika waya zetu wenyewe. Shaba ya milimita mraba 1.5, mita 30 kutoka nguzoni, ni mita 60 kwenda na kurudi: karibu omu 0.7. Pitisha ampea 15, unapoteza volti 10.5, na wati 158 zinapasha waya. Zikitawanyika mita zote 60, waya unavumilia. Kinachonitisha ni kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa mfuko wa plastiki. Kikiwa na omu 0.5 tu, ampea zilezile zinakipa wati 112 mahali padogo kama kidole, ndani ya nyumba ya mbao iliyobanana na ya jirani.

Na stabilaiza, kifaa cha kupandisha volti? Inamfaa mwenye nayo. Lakini ili itoe wati 1,000 kutoka volti 160, inavuta ampea 6.25 na zaidi, badala ya zile 3.3. Ampea za ziada zinapita kwenye laini ya wote, na jirani asiye nayo anashushwa tena.

Basi kabla ya kumuuzia mteja stabilaiza, washa resho na uweke multimeta upande huu na upande ule wa kila kiungo, kwa tahadhari, maana umeme upo. Ikisoma volti moja nzima au zaidi, zima umeme, kata kiungo hicho, ukifunge upya kwa domino.